Mfamasia anayesomea ubobezi: kumsoma mgonjwa kabla ya raundi

Anayesomea uzamili wa famasia ya kliniki, iwe MUHAS (Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili) jijini Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Nairobi, hupangiwa wodi na kutakiwa kushiriki raundi, yaani kupitia wagonjwa kitanda kwa kitanda, pamoja na madaktari. Wengi hukwama wiki za mwanzo kwa sababu wamefika kitandani bila hesabu. Wahi saa moja na nusu kabla, na chukua wagonjwa wanne au watano tu.

Fungua chati ya dawa kabla ya faili. Tafuta kilichotolewa, maana kilichoandikwa ni kingine. Dozi mbili zikirukwa kwa sababu dawa iliisha, homa haitashuka, na antibayotiki itabadilishwa bure. Halafu mwombe anayemuuguza mgonjwa alete mfuko wa dawa za nyumbani. Taja mwenyewe mitishamba, dawa za kiungulia na vidonge vya kuongeza damu, usipovitaja, havitajwi. Kwa anayetumia dolutegravir, dawa ya VVU, dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu huzuia isifyonzwe: ameze dolutegravir saa mbili kabla yake au saa sita baadaye. Akianzishiwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu, dolutegravir huwa miligramu 50 mara mbili kwa siku.

Figo ndizo zenye kazi. Kukadiria kasi ya figo kusafisha damu, toa umri kutoka 140, zidisha kwa uzito wa kilo, zidisha kwa 1.23 kwa mwanamume au 1.04 kwa mwanamke, kisha gawanya kwa kreatinini (taka ya damu inayotolewa na figo) ya mikromoli kwa lita. Bibi wa miaka 70, kilo 48, kreatinini 130: unapata mililita 27 hivi kwa dakika. Ile 130 haitishi ukiitazama, lakini antibayotiki ya meropenem gramu 1 kila saa 8 imemzidi. Apewe kila saa 12. Mpime uzito, usikisie. Na kama kreatinini inapanda kila siku, kanuni hii itakudanganya, kwani damu huchelewa kuonyesha figo zilivyoumia. Angalia mkojo wa saa 24. Kinyume chake, kwenye maambukizi makali usikimbilie kupunguza antibayotiki siku ya kwanza kabla ya kujadiliana na daktari, kwa kuwa figo huweza kurudi upesi baada ya mgonjwa kuongezewa maji.

Kwenye raundi, usiseme “dozi ipunguzwe”. Sema dawa, tatizo, dozi mpya, na kipimo kitakachorudiwa na lini. Ukikubaliwa, andika kwenye faili kwa tarehe, saa na jina lako, kisha mwambie muuguzi wa zamu. Jioni rudi kwenye chati: mara nyingi dozi ya zamani bado inatolewa.