Komedi Uipendayo Ikikuangusha: Namna ya Kuichambua Sehemu Iliyoharibika

Komedi unayoipenda ikikuangusha usiku mmoja, usiifungulie mdomo papo hapo. Itazame tena. Hilo ndilo ninalowaambia kwanza vijana wa kikundi chetu cha uandishi hapa Nakuru, na ndilo wanalolichukia zaidi, kwani nani anataka kurudia dakika 22 zilizomuudhi? Lakini mara ya kwanza ulitazama kama shabiki. Mara ya pili keti na daftari, na usiandike neno "mbaya" hata mara moja. Andika dakika. Dakika ya 4 nilicheka. Dakika ya 9 niliacha kucheka. Dakika ya 11 nilishika simu.

Mkiwa wengi ni bora zaidi. Sisi hukutana Jumamosi katika chumba tulichoazimwa na kanisa moja kule Section 58. Projekta ikiwaka mimi huketi ubavuni, nikiwatazama wao badala ya ukuta. Yuko kijana wa Kaptembwo ambaye akicheka hulipiga goti la jirani yake. Goti likipumzika muda mrefu, naandika dakika. Baadaye kila mtu hueleza kilichompendeza, na mara nyingi maelezo hayalingani na nilichoandika. Huwa naliamini daftari.

Kisha andika ahadi ya kipindi kwa sentensi moja. Komedi haidumu miaka mingi bila kumwahidi mtazamaji kitu, hata kama hakuna aliyewahi kuitamka ahadi hiyo. Chukua komedi mbili za televisheni za hapa Kenya. Vioja Mahakamani: mshtakiwa ataleta visingizio vyake, mahakama itamsikiliza mpaka mwisho, hukumu itatoka. Papa Shirandula: huyu ni soja, yaani mlinzi, aliyemficha mkewe Wilbroda kazi yake, anatoka nyumbani na suti kama bosi wa ofisini, akifika kazini anavaa sare; siri itakaribia kufichuka, na sisi tutakuwepo ikikaribia. Usiendelee kabla sentensi hiyo haijasimama. Nimesoma malalamiko mengi ambayo mwandishi wake alichukia sehemu (episodi) fulani kwa kutofanya jambo ambalo kipindi hakikuahidi kamwe.

Sasa linganisha. Sehemu imeivunja ahadi wapi, na kwa dakika ipi?

Mfano ninaoutumia hautoki Kenya, na nina sababu. Waigizaji wa hapa tunakutana nao barabarani na kwenye harusi, kwa hiyo vijana huwa ama wanawaogopa au wanavuka mpaka wakiwasema. Nawaonyesha The Simpsons, komedi ya katuni kuhusu familia moja na mji wake. Kipindi hicho kilianza kurushwa Marekani Desemba 1989, na mwaka 1997, kikiwa katika msimu wa 9, ikatoka sehemu iitwayo "The Principal and the Pauper". Mashabiki wengi wakiulizwa kipindi kilianza kuharibika lini, hiyo ndiyo wanayoitaja.

Hadithi yenyewe ni hii. Mwalimu mkuu Skinner, tuliyemzoea kwa miaka yote hiyo pamoja na mama yake mkali Agnes, anafanyiwa sherehe ya miaka 20 kazini. Katikati ya sherehe anaingia mtu anayesema yeye ndiye Seymour Skinner halisi, sajini aliyedhaniwa kufa vitani Vietnam. Yule tuliyemjua anakiri: jina lake ni Armin Tamzarian, kijana mhuni aliyepelekwa jeshini, akamwona sajini huyo kama kaka. Alipoaminika amekufa, Tamzarian alienda kumpa mama habari za msiba, mama akamkaribisha kama mwana, naye akanyamaza. Siri ikishatoka anahama mji. Watu wa mji wanagundua kwamba Skinner halisi hawampendi, wanamrudisha yule wa zamani, wanamfunga mwenye jina kwenye behewa la treni na kumfukuza. Hakimu anaamuru mambo yarudi yalivyokuwa na asiwepo wa kuyataja tena.

Waulize wenzako swali moja: nani alijua?

Hapo ndipo penye uhondo, na hapo ndipo ninapokaa na vijana muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Siri ya Papa Shirandula tuliijua sisi watazamaji tangu mwanzo. Tulikuwa washiriki wake. Wilbroda akiuliza swali dogo tu kuhusu ofisi, nyumba nzima ilishika pumzi, na kicheko kilitoka kwenye kule kujua. Siri ya Skinner hatukuijua. Waandishi nao hawakuipanda katika misimu iliyotangulia. Waliitoa mfukoni siku hiyo. Kwa hiyo tulipotazama nyuma, kila mara aliyowahi kugombana na mama yake ilibadilika maana bila idhini yetu. Uongo ule ule wa mtu kujifanya asiye, kwetu ukazaa miaka ya vicheko, kwao ukawavunja watu moyo ndani ya nusu saa. Ukimaliza kuchambua sehemu yoyote inayotegemea siri, hakikisha umeandika nani alijua, na tangu lini.

Hatua inayofuata watu wengi huiruka, nami nakusihi usiiruke: tenganisha mikono. Sehemu ya komedi ina mwandishi, mwelekezi, mwigizaji na anayelipa. Harry Shearer ndiye aliyempa Skinner sauti, na ndiye aliyelalamika hadharani kwamba watazamaji wamejenga uhusiano na mhusika huyo kwa miaka minane au tisa, kisha ukatupwa bila sababu ya maana. Aliisoma mistari hiyo kwa sababu ni kazi yake. Nimesikia abiria kwenye matatu wakimtukana mwigizaji wa hapa nchini kwa maneno ambayo hakuyaandika, na hilo linaniuma kweli. Tazama majina mwishoni mwa sehemu. Usipoweza kujua nani aliamua nini, sema "sehemu hii", usiseme "fulani".

Msikilize pia mtetezi. Ken Keeler, aliyeiandika, amesema anajivunia kazi hiyo, na kwamba inawahusu watu wanaotaka vitu vibaki vilevile walivyovizoea. Basi ile amri ya hakimu ilikusudiwa kwetu. Ninaiheshimu nia hiyo, na kuna vijana wangu wawili watatu wanaoitetea kwa nguvu. Mimi bado nasema wazo hilo linahitaji mhusika mgeni, au muda zaidi ya nusu saa. Weka utetezi kwenye uchambuzi wako kabla ya hukumu yako, na uuandike kwa namna ambayo mwenyewe akiusoma atasema ndiyo, hicho ndicho nilichomaanisha.

Halafu tafuta hadithi nzuri iliyofukiwa. Karibu kila sehemu iliyoharibika inayo. Katika hii ni Agnes. Mama aliyepokea kijana asiyemzaa, akaishi naye, na mwanawe wa damu alipotokea akaona hawezi kumwamrisha, akasafiri kumfuata yule mwingine na kumwambia arudi nyumbani. Hilo peke yake lingetosha! Likapewa nafasi ndogo kuliko treni.

Zoezi letu ni kuiandika upya hadithi hiyo kwa kurasa nne, kana kwamba inatokea huku kwetu. Msichana mmoja wa Langa Langa aliihamishia kijiji cha karibu na Mumias. Mgeni anafika na habari za kifo, mama anamvua viatu amwoshe miguu, anatafuta kovu la jembe ambalo mwanawe alikuwa nalo kifundoni, halipo. Sisi tunaona anaona. Anasema, "Mwanangu, umechelewa, ugali umepoa." Tangu hapo kila jirani anayesema kijana amekuwa mrefu, mama anajibu, "Nairobi." Shangazi anauliza mbona ameacha kutumia mkono wa kushoto, mama, "Nairobi." Goti la jirani wa yule kijana wa Kaptembwo lilipata shida siku hiyo. Ona alichofanya: siri ni ile ile, ila mtazamaji ameambiwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Kuhusu sababu nyingine za vipindi virefu kuchoka sitakaa sana. Mhusika mwenye tabia tano hubaki na moja, ile iliyochekesha zaidi, na mwandishi huikamua mpaka inakauka. Mgeni maarufu analetwa na kila mtu anasimama kumpisha. Kuna harusi, kuna safari ya ng'ambo, kuna ndoto. Ziandike ukiziona. Lakini mwigizaji akifariki, kama tulivyompoteza mchekeshaji Benson Wanjau, Mzee Ojwang' wetu, mwaka 2015, na Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa Shirandula mwenyewe, Julai 2020, vipindi vinavyofuata usivipime kwa kipimo kile kile. Watu wanafanya kazi wakiwa na matanga.

Sasa andika. Aya ya kwanza ieleze kinachotokea, kwa ufupi, ili asiyeitazama asipotee. Ya pili iwe ahadi ya kipindi. Ya tatu iseme ilipovunjika na dakika yake: "Sehemu hii iliniacha dakika ya 9, baba alipomsamehe mwizi kabla hatujaona akikasirika." Sentensi ya namna hiyo mwandishi wa kipindi anaweza kuifanyia kazi, "wameishiwa" haimsaidii chochote. Kisha utetezi, kisha hadithi iliyofukiwa. Taja kitu kimoja kilichokufurahisha, na kiwe cha kweli. Usome kwa sauti mbele ya mtu anayekipenda kipindi kuliko wewe, ufute kila neno ambalo usingeweza kumwambia mwigizaji ana kwa ana.

Ukituma uchambuzi wako, tia jina lako, tarehe sehemu iliporushwa na dakika zote ulizozitaja, ili anayebisha aifungue aangalie mwenyewe.