Zulia la sufu ya kondoo mmoja, bila kumchinja

Zulia hili hutengenezwa kwa sufu aliyonyolewa kondoo mmoja, pamoja na sufu nyingine kidogo ya mgongo. Juu hubaki mashungi marefu, laini kama ngozi ya kondoo, na chini, yaani mgongoni, kuna tabaka jembamba la felti (sufu iliyosuguliwa kwa maji moto na sabuni mpaka ikashikana) linaloyashika yasing'oke. Kondoo mwenyewe amesharudi malishoni. Ugumu uko hapa: pande mbili za zulia hilohilo zinatakiwa zifanye mambo yanayopingana. Mgongo ushikane mpaka uwe mzito kama blanketi la zamani, mashungi yasishikane hata kidogo. Makosa karibu yote hutokana na kushughulikia upande mmoja na kuusahau wa pili.

Sufu ya kondoo gani

Kondoo wengi wa Afrika Mashariki hawafai kwa kazi hii. Kondoo mwekundu wa Kimasai, Dorper na yule Persian wa kichwa cheusi wana nywele kuliko sufu, na nywele hazishikani hata uzisugue kutwa. Sufu yenyewe utaipata kwa wafugaji wa nyanda za juu za Kenya, kama Nyandarua, Molo na pande za Nanyuki, ambako hufugwa Corriedale, Merino, Romney Marsh na Hampshire Down.

Hao wanne si sawa. Romney ana mashungi marefu yenye kung'aa. Sufu yake hushikana taratibu, na hiyo ni faida, kwa sababu mashungi hukupa muda wa kumaliza mgongo kabla hayajaanza kusokotana. Corriedale ndiye wa kuanzia: anasamehe makosa. Merino hushikana upesi mno na ana mafuta mengi, kwa hiyo anafaa kwa tabaka la mgongo, si kwa mashungi. Hampshire Down achana naye kabisa. Sufu yake ni fupi, ina mnyumbuko kama sponji, na hata ikipigwa maji moto na sabuni hukataa kushikana. Ijaze kwenye mito.

Urefu mzuri wa shungi ni sentimita 8 hadi 12. Chomoa shungi moja, lishike ncha mbili, livute ghafla karibu na sikio. Likitoa mlio mkali na kubaki zima, sufu ni nzima. Likikatika katikati, kondoo huyo aliwahi kuugua au kupitia ukame, unywele ukawa mwembamba mahali hapo. Zulia la sufu hiyo litanyonyoka kila likikanyagwa.

Mwambie mnyoaji mapema kwamba unataka sufu itoke kwa kipande kimoja na mkasi usirudi mahali ulipokwishapita. Vile vipande vifupi vya mkasi wa pili hubaki kama punje kati ya mashungi na mgongo, na penye punje pataachia.

Jambo la afya si la kupuuzwa. Usichukue sufu ya kondoo aliyekufa bila sababu inayojulikana: kimeta huambukiza kupitia manyoya, na kwa kuvuta vumbi lake ni hatari zaidi. Uliza pia kundi liliogeshwa dawa ya kupe lini. Ikiwa ni wiki hizo za karibu, subiri. Unapokung'uta na kuchambua, vaa barakoa na glavu.

Vifaa

Sufu nzima itakayotandazika kiasi cha mita 1 kwa 1.3. Sufu nyingine iliyooshwa na kuchanwa, gramu 450 hadi 600, ya mgongo. Ni lazima iwe imeoshwa, kwa sababu mafuta huzuia kushikana. Sabuni ya mche gramu 100, ikwanguliwe na kuyeyushwa katika lita 10 za maji ya moto. Sabuni ya unga haifai: hutoa povu jingi linalofanya sufu iteleze badala ya kukamatana, na nyingine zina vimeng'enya vya kula madoa ya protini, na sufu yenyewe ni protini.

Pazia la neti kuukuu, kubwa kuliko sufu kwa kila upande. Usitumie chandarua chenye dawa, maana utakuwa unaisugua dawa hiyo kwa mikono mitupu ndani ya maji moto. Mkeka wa matete au pazia la mianzi la kuviringia, bomba la plastiki la inchi 3 lenye urefu wa mita 1.2, na vipande vinne vya tyubu ya baiskeli vya kufungia. Chupa ya plastiki iliyotobolewa mfuniko kwa msumari wa moto, matundu kama kumi. Chanuo au brashi ya waya laini, ile ya kuchania mbwa.

Kuchambua na kutandaza

Tandaza sufu juani kwenye turubai, ncha za mashungi zikiwa juu, uitazame yote. Pembeni kote kata na kutupa sehemu za mavi, za tumbo na za miguu. Usione uchungu, robo nzima ikiondoka ni kawaida. Toa vishona nguo kimoja kimoja sasa hivi, kwani kikishaingia kwenye felti hakitoki. Usiioshe. Ukiiosha kwanza itakatika vipande, na mashungi yatakuwa yameanza kusokotana kabla hujaanza kazi.

Kisha igeuze: ncha chini, upande wa mkasi, yaani ule uliokatwa, juu. Ni vizuri kuigeuza juu ya mkeka uleule utakaouviringisha, ili usiihamishe tena. Kila shungi la chini lilale kuelekea nje ya zulia. Sogeza sufu uzibe nafasi. Palipo na uwazi wa vidole viwili, chukua mashungi kutoka pembeni ujazie, ncha chini.

Hatua inayofuata watu wengi huiruka. Chukua brashi na upitishe juu ya upande wa mkasi kwa mkono mwepesi sana, kama unamchana mtoto aliyelala. Lengo ni kuinua nywele chache kutoka kila shungi, zisimame kama ukungu wa nusu sentimita. Nywele hizo ndizo zitakazopanda kuingia kwenye tabaka la mgongo. Bila hizo unapata felti nzuri juu na mashungi mazuri chini, vitu viwili visivyojuana, na siku ya kwanza ya kulikung'uta zulia vinaachana kama gundi mbaya.

Sasa tandika mgongo. Vuta sufu iliyochanwa katika vipande vyepesi vya urefu wa kiganja na uvipange kama unaezeka makuti, kila mstari ukilalia theluthi ya ule wa kabla. Tabaka la kwanza lielekee upande mmoja, la pili likatize, la tatu lirudi kama la kwanza. Kila tabaka lisizidi gramu 200, na likiwa sawa utauona mkono wako kwa kificho ukiuweka chini yake. Matabaka matatu mepesi yana nguvu kuliko moja zito, kwa sababu nywele za kila tabaka zinafungamana na za jirani zinazokwenda kinyume. Ukingo wa mgongo uishie sentimita 3 ndani ya ukingo wa mashungi, ndipo mashungi yatakapofunika mwisho wa zulia.

Maji

Unywele wa sufu umefunikwa magamba madogo. Maji moto na sabuni huyainua, na msuguano huyapachika magamba ya unywele mmoja kwenye ya mwingine mpaka hayaachani. Kwa hiyo unahitaji vitu vitatu, joto, sabuni na mwendo, na mashungi yasipate hata kimoja kwa wingi.

Maji yawe ya nyuzi 50 hadi 55. Asiye na kipimajoto achanganye sehemu mbili za maji yaliyochemka na sehemu tatu za maji ya bombani. Nyanda za juu ambako maji ni baridi, ongeza kidogo yale ya moto. Funika sufu kwa neti, nyunyiza kwa chupa kuanzia katikati kwenda nje, na bonyeza kwa viganja mpaka hewa itoke. Acha maji yafike kwenye mgongo tu. Yakianza kutiririka chini ya mkeka umezidisha, na ncha za mashungi tayari zimo kwenye supu. Kwa ukubwa huu lita 4 au 5 zinatosha.

Dakika tano za mwanzo ni za kubonyeza bila kusugua. Baada ya hapo weka sabuni kwenye viganja, sugua juu ya neti kwa miduara midogo, mkono mwepesi, mahali pamoja mahali pamoja, kiasi cha dakika 30. Kila dakika tano inua neti na kuirudisha. Ukiiacha, sufu itapanda kupitia matundu yake na utaing'oa pamoja na tabaka la juu. Maji yakipoa, yakamue kwa taulo na kunyunyiza mapya ya moto.

Jaribu kwa kubana: shika mgongo kwa vidole viwili na uinue. Zikija nywele peke yake, endelea kusugua. Likija tabaka zima kama ngozi ya maziwa, ni wakati wa kuviringisha.

Kuviringisha

Weka bomba ukingoni, viringisha mkeka na sufu pamoja, usikaze sana, na funga kwa tyubu. Viringisha mbele na nyuma kwa mikono kuanzia vidoleni hadi kwenye viwiko, mara 100. Fungua. Hapa ndipo zulia linapookolewa au kupotea: ligeuze, tazama mashungi, na yale yaliyoanza kukumbatiana yaachanishe kwa vidole, kutoka ncha kuelekea shina. Rudisha mgongo juu, nyoosha mikunjo, geuza zulia robo duara, viringisha tena mara 100. Rudia mpaka umeviringisha kutoka pande zote nne. Zulia hupungua kufuata mwelekeo unaoviringisha, na upande utakaouruka utabaki mrefu.

Mzunguko wa pili tumia maji ya nyuzi 60 na mkono mzito zaidi, ukiyaachanisha mashungi kila unapofungua. Acha pale zulia litakapokuwa limepungua kama theluthi moja ya eneo lake: ile mita 1 kwa 1.3 iwe karibu sentimita 82 kwa 107. Mgongo utakuwa na vijikunjo kama vya ganda la chungwa, na ukiuvuta haunyumbuki.

Kuosha na kukausha

Kwa sasa mashungi bado ni machafu, na hiyo ni sawa. Jaza beseni kubwa maji ya nyuzi 55 yenye sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, laza zulia mashungi chini, bonyeza lizame na uliache dakika 15. Usikoroge, usisugue. Toa, bonyeza maji yatoke, rudia kwa maji mapya ya joto lilelile. Sufu ya Corriedale hutaka mara tatu au nne. Maji ya kwanza yenye mavi na mafuta mwagia migomba, si kwenye mtaro, kwani mafuta yakipoa huganda na kuziba bomba. Suuza mpaka povu liishe, na suuzo la mwisho litiwe mililita 100 za siki kwa lita 10 za maji. Sabuni ikibaki ndani, sufu hukauka ngumu na kuwa ya njano.

Kausha kivulini, zulia likiwa limelala juu ya wavu wa waya, mashungi juu. Ni siku mbili hadi nne, zaidi kwenye masika. Likiwa na unyevu kidogo tu, likung'ute kwa nguvu na utenganishe mashungi kwa vidole. Brashi hapa hugeuza mashungi kuwa pamba.

Yakiharibika

Mahali palipotoboka, kwaruza kingo kwa brashi, weka vipande vitatu vya sufu vinavyokatizana, rudia kusugua sehemu hiyo tu. Mgongo ukiachana na mashungi wakati bado ni mbichi, tenganisha, chana tena upande wa mkasi na uanze kubonyeza upya. Ukishakauka hivyo, kilichobaki ni sindano na uzi. Ncha zilizosokotana kwa sentimita moja hukatwa kwa mkasi, lakini zikisokotana mpaka mashinani umepata zulia la felti pande zote mbili, na si baya kwa kuwekwa chini ya tandiko la farasi.

Nondo hupenda sufu iliyotulia gizani. Litoe zulia juani kila mwezi, ulipige kwa nyuma, na usilitie kwenye mashine ya kufulia kamwe.