Chagua skrini huku ukifikiria joto la kompyuta yako

Hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, vijana wanaoniletea kompyuta za gemu huja na maneno ya aina mbili. Mmoja anauliza, "Fundi, ninunue skrini gani?" Mwingine anasema, "Fundi, mashine inazima yenyewe katikati ya mechi." Mara nyingi ni mtu yuleyule, miezi michache baadaye. Kwa hiyo nayaeleza mambo haya mawili pamoja. Skrini ndiyo inayoipangia kazi kadi ya grafiki, yaani kifaa kinachochora picha, na kazi ya kadi ndiyo inayoleta joto.

Hesabu yake haina ugumu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli, yaani vitone vya picha, 2,073,600. Ya 2560 kwa 1440 ina pikseli 3,686,400. Ile ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina 8,294,400, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Kila fremu, yaani kila picha moja ya mchezo, kadi inazichora zote upya. Kadi tunazokutana nazo sana huku ni GTX 1650, GTX 1060 na RX 580, na zote tatu hutulia vizuri kwenye 1080. Ukiipa RX 580 skrini ya 4K, itakaa kwenye kikomo chake cha wati 185 mchezo mzima, na karibu umeme wote huo unaishia kuwa joto ndani ya chumba chako. Tororo hii ya Januari na Februari, joto la nje likipita nyuzi 30 mchana, chumba chenye dirisha moja hakiwezi kuliondoa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wengi ni inchi 24 yenye 1080. Ukinunua inchi 27 yenye 1080 utaanza kuona vitone na maandishi yatakwaruza macho. Inchi 27 inastahili 1440, na 1440 inastahili kadi yenye nguvu zaidi.

Halafu kuna Hz, idadi ya mara ambazo skrini hubadilisha picha kwa sekunde. Kwenye 60 Hz kila picha hukaa takriban milisekunde 16.7, kwenye 144 Hz hukaa 6.9. Tofauti hiyo hata mtu asiyecheza huiona akisogeza tu kishale cha mausi. Kutoka 144 kwenda 240 unapunguza chini ya milisekunde tatu, na fedha hiyo mimi ningeiweka kwenye feni na pawasaplai nzuri (boksi linaloigawia kompyuta umeme). Tafuta 144 au 165 yenye FreeSync, ili skrini ifuate mwendo wa kadi na picha isikatike katikati.

Aina ya kioo nitaipitia haraka. IPS ndiyo ninayowapendekezea watu wengi, kwa sababu nyumbani skrini ya gemu ndiyo pia ya mpira wa Jumamosi, na wanaokaa pembeni wataona rangi sawasawa. VA ina weusi mzito unaopendeza, lakini nyingi za bei nafuu huacha kivuli nyuma ya kitu kinachokimbia gizani. TN ni nyepesi kuitikia, ila ukiinama kidogo rangi zinageuka. Maneno "1 ms" kwenye boksi, yaani pikseli hubadilika kwa milisekunde moja, yasikuhangaishe; kwa kawaida hupimwa kwa mpangilio mkali kuliko wote, ambao ukiuwasha vitu vinavyosogea huzungukwa na alama za mwanga.

Ukienda Kampala kununua skrini ya mtumba, usilipe kabla haijawaka kwa nusu saa. Taa ya nyuma iliyochoka huanza kucheza ikishapata moto. Fungua picha nyeupe tupu, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, moja moja, ujaze skrini nzima. Pikseli iliyokufa itajionyesha, na kwenye nyeusi utaona kama mwanga unavuja pembeni. Angalia matundu ya nyuma: yenye VGA, tundu la kizamani, peke yake iache, ilitoka ofisini na itabaki 60 Hz au zaidi kidogo. Kama ina adapta ya nje, soma volti zilizoandikwa kwenye adapta na zile zilizoandikwa nyuma ya skrini. Zisipolingana, muuzaji amechomeka aliyoipata dukani.

Ukifika nyumbani, chomeka waya kwenye kadi ya grafiki. Tundu la kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) liache. Ukilitumia, mchezo unaweza kuendeshwa na grafiki ndogo ya ndani ya prosesa (ubongo wa kompyuta) huku kadi uliyoilipia imelala. Tumia DisplayPort kama ipo, kwa sababu skrini nyingi za zamani kidogo hufikia 144 kupitia tundu hilo tu, na HDMI yao huishia chini ya hapo. Kisha fungua Mipangilio ya Windows, ingia Mfumo, halafu Onyesho, utafute mipangilio ya juu ya onyesho, uchague 144 mwenyewe. Nimefungua kompyuta za watu waliokaa na skrini ya 144 ikiwa kwenye 60 tangu siku ya kuinunua.

Sasa funga idadi ya fremu. Hatua hii haigharimu shilingi. Kama skrini ni ya 60 Hz na kadi inachora fremu 200 kwa sekunde, nyingi kati ya hizo huzioni, ila joto lake unalilipia. Kuna wachezaji wa mashindano wanaozitaka kwa ajili ya wepesi wa kuitikia. Wengine wote wafunge. Kwa skrini ya 144 yenye FreeSync weka 141. Kikomo hicho kipo kwenye paneli ya NVIDIA, kwenye programu ya AMD, na ndani ya gemu nyingi. Sikiliza feni ukiwa kwenye menyu ya gemu kabla ya kuweka kikomo na baada ya kuweka: kuna menyu zinazochora mamia ya fremu wakati umekaa tu unachagua timu.

Mashine ikichemka

Pima kwanza, kabla ya kushika bisibisi. HWiNFO, programu inayosoma joto la ndani ya kompyuta, ni ya bure. Iwashe, cheza nusu saa, kisha soma joto la juu kabisa la prosesa na la kadi. Prosesa nyingi za Intel za mezani hujipunguza mwendo zikikaribia nyuzi 100. Ryzen, prosesa za AMD, za mfululizo wa 5000 kwa kawaida ni 90, na nyingi za 7000 ni 95. Kadi nyingi za NVIDIA huanza kujirudisha nyuma zikifika karibu 83. Mimi nikiona prosesa iko 75 na kadi 78 wakati wa mchezo, nairudisha mashine kwa mwenyewe kwa amani.

Tofautisha kupungua mwendo na kuzima. Mchezo unaoanza na fremu 90, ukashuka hadi 40 baada ya dakika kumi, ukapanda tena ukipumzika, huo mara nyingi ni joto. Mashine inayozima papo hapo kama imechomolewa inataka uchunguzi zaidi. Iambie HWiNFO iandike vipimo kwenye faili, kisha usome mistari ya mwisho kabla ya kuzima. Kama joto lilikuwa 70, shuku pawasaplai au umeme wa nyumba, hasa ikiwa jioni taa hupungua mtaa mzima ukipika na kupiga pasi. Hapo UPS (betri ya akiba) yenye kidhibiti cha volti itakusaidia kuliko feni yoyote.

Kama joto liko juu kweli, ondoa ubavu wa kasha na ucheze tena. Likishuka nyuzi kumi, tatizo ni hewa: feni zimewekwa kinyume, au kasha limesukumwa kwenye kona ya ukuta. Feni nyingi za kawaida hutoa hewa upande wenye nguzo zinazoshika mota. Za mbele ziingize, ya nyuma na za juu zitoe. Inua kasha kutoka sakafuni na uliache mbali na ukuta kiasi cha shubiri moja.

Lisiposhuka, kuna kipimo cha kidole ninachokiamini sana. HWiNFO ikionyesha prosesa iko 95, gusa kidogo mapezi ya bati ya kipozeo, mbali na feni. Yakiwa ya uvuguvugu tu, joto halipandi kufika pale. Ama pesti ya kupitisha joto imekauka, ama kipozeo hakijakaa. Vipozeo vya Intel vinavyokuja na boksi hushikwa na pini nne za plastiki, na kompyuta iliyosafiri kwa basi kutoka Kampala mara kwa mara hufika moja imechomoka. Tazama kwa tochi: pini iliyotoka huacha mguu mmoja umeinuka juu ya mazabodi.

Mapezi yakiwa ya moto sana, basi joto linafika lakini hewa haipiti. Fungua feni ya kipozeo, usitosheke na kuifuta kwa juu. Feni yenyewe inaweza kuonekana safi huku chini yake, kati ya feni na mapezi, vumbi jekundu la murram limeshikana na moshi wa jikoni likawa kama blanketi. Lichune kwa vidole. Baki lake lipulize ukiwa nje, waya wa umeme umechomolewa, na ushike pangaboi za feni zisizunguke, maana kuzungushwa kwa kasi huumiza beringi. Kompresa ya wajaza matairi iepuke. Tangi lake huwa na maji na mafuta.

Pesti ya zamani ifute kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, kisha kaza skrubu kwa kupishana pembe. Kwa vumbi la baadaye, soksi ndefu nyembamba ya nailoni ikivutwa vizuri mbele ya feni za kuingiza inafanya kazi nzuri, mradi uioshe mara kwa mara.

Ikiwa kadi bado inachemka, punguza kikomo chake cha nguvu hadi asilimia 80 kwa programu ya MSI Afterburner. Utapoteza fremu chache, na joto litashuka kwa namna utakayoisikia kwenye feni.

Kitu kimoja usikifungue nyumbani: pawasaplai. Mende na mijusi huingia humo kutafuta joto, na utatamani kuwatoa, lakini kapasita za ndani zinaweza kushika umeme hatari hata baada ya kuchomoa waya. Puliza kupitia matundu yake tu. Ikinuka kuungua, ibadilishe.