Mama ana kizunguzungu Tanga na wewe uko mbali: kabla hujatuma hela ya kipimo cha kichwa

Simu ya usiku kutoka Ngamiani ilinikuta natoka kazini, mdogo wangu anasema mama kaanguka bafuni, nyumba yote inamzunguka, anatapika, zahanati wameandika akapigwe CT scan ya kichwa, tuma laki tatu sasa hivi. Nikatuma. Majibu yakaja safi, kizunguzungu kikabaki palepale na mi huku nikabaki nadaiwa kodi.

Sasa wewe ambae hujatuma bado, uliza kwanza kinamshika akiwa anafanya nini. Mama wangu ilikua akijigeuza kulia kitandani ndo dunia inaruka, nusu dakika hivi, kinakata, akitulia hana shida. Hicho mara nyingi ni cha sikio bana. Ndani ya sikio kuna vichembe vidogo kama chumvi, vikichomoka pale vilipo vikaingia kwenye vile vimfereji vya kuweka mwili sawa basi kila akigeuza kichwa ubongo unapewa habari za uongo, na CT haioni kitu hapo. Kipimo chake hakina mashine: daktari anamkalisha kitandani, anamgeuza kichwa upande mmoja, anamlaza haraka kichwa kining'inie kidogo, anaangalia macho yanavyochezacheza. Akiyaona anaendelea hapohapo kumgeuza taratibu upande wa pili mpaka alale ubavu, kisha anamkalisha, dakika chache tu kazi imeisha. Huko kugeuzwa kunaitwa Epley, jina la daktari wa Marekani aliekuleta. Mwambie ndugu yako akaulize pale Bombo, hospitali ya mkoa, daktari wa masikio yupo siku gani, na alitaje hilo jina. Mama alipofanyiwa alimng'ang'ania daktari mkono analia "mwanangu naanguka", na yuko kitandani kalala.

Ukiruka hatua hii ndo hela inapoliwa. Kumpeleka Dar ni kilomita kama 350, nauli za watu wawili kwenda na kurudi, pa kulala, chakula, na mgonjwa mwenyewe anatapika njia nzima. Vidonge navyo, sinarizini wanaipenda sana madukani, inatuliza kwa siku chache ila mzee akiimeza miezi na miezi inamfanya msinziaji na inaweza kumletea kutetemeka mikono na mwili kukakamaa, kwahiyo usiwe unatuma hela ya dawa kila mwezi kama kodi. Presha, sukari na damu vipimwe lakini, ni bei ndogo.

Ila kama ulimi mzito, anaona vitu viwili viwili, mkono au mguu umelegea, hawezi kabisa kusimama, au sikio limeziba ghafla hasikii, hapo usiulize maswali, tuma na aende hospitali muda huohuo.

Na kama unataka kumleta Uingereza atembee, jua kwamba viza ya matembezi haimpi matibabu ya bure ya kulazwa, wageni wanatozwa asilimia 150 ya bei ya NHS yenyewe, yaani huduma ya afya ya serikali ya huko. Kata bima ya safari na utaje kizunguzungu kwenye fomu, ukikificha wanakataa kulipa.

Vichembe vinarudi pia, usishangae. Vya mama vilirudi, mdogo wangu safari hii hakupiga usiku, alipiga asubuhi kuomba hela ya bajaji ya kwenda Bombo na ya kumuona daktari.