Namna ya kuipekua dunia ya gemu mpaka vichochoroni

Maelekezo haya ni ya mchezaji ambaye kumaliza hadithi ya gemu hakumtoshi. Misheni inamwambia aende kaskazini, yeye macho yako kwenye kilima cha kusini, na moyo haumtulii mpaka aone kuna nini nyuma yake. Richard Bartle, Mwingereza aliyeshirikiana na Roy Trubshaw kuunda MUD, gemu la maandishi matupu lililoanza mwaka 1978 pale Chuo Kikuu cha Essex, aliandika mwaka 1996 kwamba wachezaji wako makundi manne: wanaotafuta pointi, wanaotafuta watu wa kuzungumza nao, wanaotafuta wa kumpiga, na wanaotaka kuijua dunia yenyewe. Mimi ni wa kundi hili la mwisho tangu utotoni hapa Wete. Cherehani ikishafunikwa na Isha ikishaswaliwa, nakaa na pedi yangu ya gemu.

Anza na daftari, tena la mirabaraba, kama lile la hesabu za skuli. Sababu yake utaiona ukicheza Grand Theft Auto (GTA): San Andreas, gemu la Rockstar la mwaka 2004 ambalo watu wengi wa rika langu tulilijulia kwenye PS2. Ndani yake mna michoro 100 ya magenge kwenye kuta za mji wa Los Santos, ambayo CJ, mhusika unayemchezesha, anaifuta kwa kuipulizia rangi ya genge lake. Kuna sehemu 50 za kupiga picha San Fierro, viatu vya farasi 50 Las Venturas, na chaza 50 waliotawanywa chini ya maji ramani nzima. Kila ukipata kimoja gemu linakutajia idadi: umefikia 40 katika 100. Halikwambii ni ipi hiyo 40. Ukifika 97, hiyo mitatu iliyobaki inaweza kuwa popote mjini, na huna wa kumuuliza. Nilikuwa nacheza na kaka zangu nyumbani, maana watoto wa kike hatukuwa tukienda kwenye vibanda vya gemu, na kazi ya kuandika ilikuwa yangu.

Andika papo hapo, kabla hujasogea. Mimi huandika vitu vitatu: jina la mtaa kama linavyojitokeza kwenye kioo ukiingia, ukuta uko upande gani wa barabara, na mchoro uko chini au juu ya paa. La tatu usilidharau. Mingi inayowapita watu iko juu, na anayepita na gari hainyanyui kamera.

Kisha gawa ramani. Mwenye kuokota mpeta chini ya mikarafuu hazururi shamba zima. Anamaliza chini ya mti mmoja, ndipo anahamia wa pili. Nawe maliza Ganton kabla ya Idlewood, Idlewood kabla ya Jefferson, na hivyo hivyo mpaka uteremkie Verona Beach na Ocean Docks. Mpaka wa kila kipande uwe kitu kinachoonekana kwa macho: barabara kubwa, reli, mfereji. Zunguka kwanza pembezoni, halafu ingia vichochoroni kimoja kimoja, halafu tafuta ngazi na kuta za kupandia uende juu ya mapaa. Ukimaliza tia alama kwenye daftari na usirudi. Tumia baiskeli au miguu. Gari tumia kuhamia mtaa mwengine tu.

Fuata na milango ya gemu lenyewe. Mwanzoni San Andreas inakufungia ndani ya Los Santos na vijiji vyake. Ukivuka daraja kabla ya wakati unapewa nyota nne na polisi hawakupi nafasi ya kutazama chochote. Kwa hiyo michoro ndiyo ya kuanzia, kwani yote iko kwenye mji uliokwisha kufunguliwa. Chaza waache mwisho: pumzi ya CJ huongezeka kadiri anavyopiga mbizi, na aliyekwisha kuizoesha hapati tabu kwenye maji ya kina.

Hayo ni ya gemu linalohesabu. Sasa nikuelekeze kwenye gemu ambalo, kwangu mimi, limetengenezwa makusudi kwa ajili ya mtu anayetazama: The Legend of Zelda: Breath of the Wild, la Nintendo, mwaka 2017. Kaka yangu aliyeko Muscat ndiye aliyeniletea mashine yao ya Switch, na tangu siku hiyo sijaona dunia ya gemu iliyopangwa kwa uangalifu kama hii.

Jambo la mwanzo, ingia kwenye mipangilio uchague Pro, ili ramani ndogo ya pembeni iondoke na zibaki zile roho zako tu. Zima na kile kipima kinacholia ukikaribia hekalu. Utahisi umepotea, na ndivyo inavyotakiwa, kwani jicho lililozoea kufuata nukta pembeni mwa kioo haliangalii mlima. Halafu panda juu. Kuna minara 15, na kila mnara unafungua kipande cha ramani, lakini watu wengi wakishapata ramani wanaruka chini mara moja. Wewe kaa. Toa darubini, zunguka polepole duara zima, na weka alama kila unapoona kitu kinachokuvuta. Alama zenye mwanga ni tano tu kwa wakati mmoja, na uchache huo unakulazimisha kuchagua. Ukitaka zaidi kuna mihuri ya kugonga kwenye ramani, mpaka 100.

Halafu teremka kwa miguu. Mtoto wa dada yangu, aliyekuwa kakaa karibu yangu mkekani, alichoka kunitazama nikitembea.

“Khalati, mbona hupandi farasi? Tutafika lini?”

“Hatuna tunapokwenda, baba. Tunaangalia.”

Akanyamaza. Tulikuwa tunapita penye mitufaha mitatu iliyosimama mstari mmoja, pahala ambapo hapana nyumba wala shamba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuipita.

“Khalati, huu mti una tufaha moja zaidi.”

Nikarudi. Kweli, mitatu ililingana kwa kila kitu isipokuwa tunda moja. Nililitungua, na pale pale akachomoza Korok, kijitu cha msituni chenye uso wa jani, akatupa mbegu yake. Mtoto aliruka juu. Mpaka leo ana jicho kunishinda.

Korok wako 900, na wanafundisha kanuni ambayo mimi naitumia kila gemu: tafuta kitu kilichopangwa pahala pasipo na mtu wa kukipanga. Mawe yamekaa duara na moja halipo: lililopungua liko karibu, libebe uzibe pengo. Maua ya maji yamejitengeneza duara kwenye ziwa: panda juu ujitose katikati. Jiwe moja liko peke yake kileleni: linyanyue. Kisiki chenye alama ya jani: simama juu yake, patatokea duara la mwanga mbele na itabidi ulikimbilie kabla muda haujakwisha. Maumbile hutawanya ovyo. Ukiona mstari, duara au vitu vitatu vinavyofanana, ujue mkono wa binadamu umepita, na mkono huo ulikuwa unakuita wewe.

Pale ambapo gemu limekufundisha kwamba si njia, pajaribu. Katika Super Mario Bros. ya mwaka 1985, hatua ya 1-2, matofali ya juu ya kioo yanaonekana kuwa ndiyo dari na basi. Anayepanda akakimbia juu yake hukuta mabomba ya kumrusha mpaka dunia ya pili, ya tatu au ya nne. Elden Ring, 2022, ina kuta nyingi zinazoyeyuka ukizipiga mara moja; wachezaji wakagundua mmoja kwenye Volcano Manor uliotaka kupigwa mara 50 hivi. Sikwambii upige kila ukuta mara 50. Nakwambia ukikuta njia imeishia pahala hapana kitu, hapana sanduku wala adui, jiulize nani ataijenga njia ya bure. Piga. Angalia nyuma ya maporomoko ya maji. Ukiingia chumbani, geuza kamera kwanza utazame nyuma ya mlango uliopitia, kwani wanaotengeneza magemu wanajua kila mtu anatazama mbele.

Na baadhi ya walioficha walikuwa na sababu zao. Atari haikuwa ikiandika majina ya watengenezaji wa magemu yake. Warren Robinett, aliyetengeneza Adventure lililotoka mwaka 1980, akaficha humo nukta moja ndogo yenye rangi ile ile ya kijivu ya mandharinyuma, ndani ya kijichumba kilichozungukwa na ukuta pande zote, ambacho hukifikii bila ya kutumia daraja. Ukiichukua nukta hiyo ukaipeleka pamoja na vitu vyengine kwenye ukumbi fulani, ukuta unapitika, na nyuma yake unasoma kwamba gemu limetengenezwa na Warren Robinett. Nikiisoma habari hii nafurahi kila mara. Mtu alitaka ajulikane kwa kazi ya mikono yake, akaamini kwamba ipo siku atatokea mchezaji wa kutazama vya kutosha, na alitokea.

Lazima tuseme na uvumi, kwani unakula masiku ya watu. Msitu wa San Andreas, huko Mount Chiliad na chini yake, ulipekuliwa na wachezaji wa dunia nzima wakimtafuta Bigfoot, yule nyani mkubwa wa hadithi za Marekani. Hayumo. Rockstar waliusikia uvumi, wakaweka mkasa wake kwenye GTA V ya mwaka 2013: misheni ya The Last One, inayofunguka kwa aliyekamilisha asilimia 100. Ukiambiwa kitu kipo, uliza maswali mawili: nikifanya nini hasa kinatokea, na kikitokea mara moja, kinatokea tena? Anayekujibu “bahati yako tu” mpishe. Mwenye jibu kamili, la pahala, saa na kitendo, mjaribu mara moja na uandike matokeo daftarini, hata kama ni “hapana kitu”. Kuandika “hapana kitu” kunakuepusha kurudi.

Kwenye kusevu sitakaa sana, ila kwetu Pemba halipuuziki. Umeme wetu unakuja kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010, na ukikatika haukupigii hodi. Angalia uniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, ndipo uwashe. San Andreas ya PS2 haijisevu yenyewe, inataka uende nyumbani. Kwa hiyo kila mtaa mmoja ukiisha, rudi usevu. Tumia nafasi mbili kwa zamu, leo ya kwanza na kesho ya pili, ili umeme ukiondoka katikati ya kuandika kwenye memori kadi, isiharibike kazi yote.

Ramani za mtandaoni na video za YouTube zifungue baada ya kumaliza mzunguko wako mwenyewe, zisikutangulie. Ukishafika 97 katika 100 huna unachojinyima tena. Fungua ramani ya mtaa ambao daftari lako lina alama chache kuliko mitaa mingine, linganisha, funga. Ukiiangalia yote utakuwa umesoma orodha ya wengine, na pedi inabaki kutia saini.

Jua na kikomo. Mbegu 441 za Korok zinatosha kuongeza nafasi zote za silaha, pinde na ngao. Anayekusanya zote 900 anapewa zawadi na Hestu, yule Korok mkubwa: kitu cha dhahabu chenye umbo la kinyesi, na ngoma anayoicheza. Naona watengenezaji walikuwa wanatuambia waziwazi kwamba zilitawanywa nyingi ili kila anayepita apate zake, na hakuna aliyeagizwa kuzimaliza. Mimi nimesimama nilipoona nimeshapita kila bonde kwa miguu, na mbegu zimebaki huko huko.

Kuna na dunia zisizomalizika kabisa. No Man's Sky ya mwaka 2016 ina sayari zaidi ya 18,000,000,000,000,000,000. Minecraft inakwenda vitofali 30,000,000 kila upande kutoka katikati, na kila kimoja ni mita moja. Kutembea kwa mwendo wa kawaida mpaka ukingoni, bila kulala wala kusimama, ni siku 80 hivi. Humo jiwekee mpaka wako mwenyewe. Washa namba za mahali ulipo (kwenye kompyuta bonyeza F3, kwenye simu ziko kwenye mipangilio ya dunia yako), chagua mraba wa vitofali 1,000 kwa 1,000 ukiwa na nyumba yako katikati, na kila pembe simamisha nguzo ndefu yenye mienge juu ili uione usiku. Pitia juu ya ardhi kwanza, kisha kila pango lililofungua mdomo ndani ya mraba huo, ukiweka mienge upande wa kulia unapoingia, ili wakati wa kutoka uwe nayo kushoto. Mraba ukiisha, chora mwengine kwenye daftari, upande ule ambao kutoka juu ya nguzo uliona mlima au bahari.