Jinsi ya kufundisha kuanguka kwa Ujerumani Mashariki katika vipindi viwili

Usianze na ile picha ya vijana waliopanda juu ya Ukuta wa Berlin. Mwanafunzi akishaiona anajua mwisho wa mambo, na yote yaliyotangulia anayaona kama yalikuwa hayana budi kutokea. Ifiche hadi dakika kumi za mwisho.

Tangulia na ramani kwenye karatasi ya manila. Berlin iwe mahali pake, ndani kabisa ya Ujerumani Mashariki. Wengi hudhani ukuta uliikata nchi nzima. Kumbe uliizunguka Berlin Magharibi, kilomita 155, tangu Agosti 1961; mpaka kati ya Ujerumani mbili nao ulikuwa umefungwa kwa uzio wake. Hapo ndipo wataona kwa nini waliokimbia mwaka 1989 walipitia Hungaria.

Darasa la wanafunzi 40 ligawe makundi manane. Kila kundi lipe kadi tano zisizo na tarehe, zimechanganywa (tarehe za mwaka 1989 kwenye mabano ni zako mwalimu):

- Hungaria yaanza kung'oa uzio wa mpaka wake na Austria (2 Mei)
- Uchaguzi wa serikali za mitaa. Wananchi waliofuatilia kuhesabiwa kwa kura wagundua wizi (7 Mei)
- Hungaria yawaruhusu Wajerumani Mashariki kuvuka (11 Septemba)
- Watu wapatao 70,000 waandamana Leipzig, askari hawafyatui risasi (9 Oktoba)
- Erich Honecker, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, aondolewa uongozini (18 Oktoba)

Wazipange kwa dakika 15 na kutetea mpangilio wao. Kosa la kawaida ni kuitanguliza kadi ya Honecker, kwa kuwa tumezoea kudhani mkubwa huanguka kwanza, ndipo raia hupata ujasiri. Usiwasahihishe haraka. Waulize: waandamanaji wa Leipzig, waliojua jinsi jeshi la China lilivyowaua waandamanaji Beijing mwezi Juni, walikuwa na hakika gani ya kurudi nyumbani?

Kipindi cha pili ni usiku wa 9 Novemba. Karibu saa moja jioni Günter Schabowski, msemaji wa chama tawala, alisoma mbele ya waandishi kanuni mpya za safari za nje ambazo hakuwa ameelezwa vizuri. Alipoulizwa zinaanza lini, akajibu kuwa, kwa anavyojua, mara moja. Watu wakamiminika mpakani.

Mwanafunzi mmoja awe ofisa wa lango la mpakani la Bornholmer Strasse mjini Berlin, wengine kumi wawe umati. Tatizo: ofisa hufungua lango papo hapo, kwa sababu anajua historia. Dawa yake ni vikaratasi. Kila dakika tatu mpe kimoja: "Umati umeongezeka. Wakubwa hawajatoa amri." Aseme kwa sauti anachoamua na anachohofia. Ofisa wa kweli alifungua karibu saa tano na nusu usiku.

Darasa likiwa Zanzibar, itaje mitaa ya Kikwajuni na Michenzani, iliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki hiyo hiyo. Kisha andika ubaoni: idara ya usalama ya nchi hiyo, Stasi, iliajiri watu wapatao 91,000 kwa raia milioni 16. Mwanafunzi ayabebe yote mawili. Anayefundisha moja tu anahubiri.

Uchaguzi huru wa 18 Machi 1990, muungano wa Ujerumani mbili wa 3 Oktoba na viwanda vilivyofungwa baadaye, viwekee kipindi cha tatu. Ukivibana hapa, vitamezwa na picha.