Somo: Kuchora mandhari ya safari kwa kumbukumbu

Wengi tukirudi safarini tunafungua picha za simu na kuzinakili kama zilivyo. Mchoro unatoka sahihi, lakini umepoa, kwa sababu kamera huupa mlima na kichaka uzito uleule. Kumbukumbu huchuja. Hubakiza kilichokugusa, na huko kuchuja ni kazi kubwa ya mchoraji ambayo tayari umeshafanyiwa.

Hatua ya 1. Ukiwa safarini, chora kidogo, andika zaidi. Daftari la mfukoni na penseli vinatosha. Weka mstari wa upeo wa macho, umbo kubwa kuliko yote, na mshale wa kuonyesha jua liko wapi. Pembeni andika maneno: "mchanga mweupe kuliko anga", "kivuli cha zambarau, si cheusi". Simu hujirekebishia mwanga yenyewe, kwa hiyo kwenye rangi maneno yako ni ya kuaminika zaidi. Turner, mchoraji wa mandhari wa Uingereza, aliacha madaftari takriban 300 ya michoro. Pierre Bonnard, mchoraji wa Ufaransa, naye alikuwa akiandika hali ya hewa katika shajara yake ya mfukoni, halafu anapaka rangi ndani, mandhari yenyewe haipo mbele yake.

Hatua ya 2. Rudi, acha siku kadhaa zipite, kisha andika bila kufungua daftari: nakumbuka nini? Yakija mambo matatu, mchoro una mambo matatu. Usiongeze la nne kwa kuogopa nafasi tupu.

Hatua ya 3. Chora vijichoro vidogo vya penseli, vinne au vitano, kwa viwango vitatu tu: mwanga, kati, giza. Kaeni hapa, nawasihi. Sogeza upeo wa macho juu, ushushe, panua anga, ona kipi kinarudisha hisia ya pale. Kijichoro kisichoeleweka kwa penseli hakitaokolewa na rangi.

Hatua ya 4. Rangi. Chukua buluu ya ultramarini na hudhurungi ya sienna iliyochomwa. Zikichanganyika vizuri hutoa kijivu kizito, karibu na cheusi. Ongeza buluu, kijivu kinapoa kama kivuli cha asubuhi. Ongeza sienna, kinapata joto la jioni. Kwa rangi hizo mbili na maji unaweza kumaliza mlima mzima. Milima ya mbali ipauke na ielekee buluu, maana hewa iliyo katikati hutawanya mwanga wa buluu na kupunguza tofauti ya mwanga na giza. Jua likizama, au vumbi likiwa hewani, mbali huweza kuwa na rangi ya joto. Hapo fuata maneno ya daftari lako.

Hatua ya 5. Anza na maumbo makubwa, malizia na madogo. Wa rangi za mafuta, tabaka za chini ziwe na mafuta machache kuliko za juu, la sivyo kazi itapasuka.

Hatua ya 6. Sasa ndipo unafungua picha, kwa ajili ya umbo tu: daraja lina matao mangapi, tanga limefungwaje. Ukishapata jibu, ifunge.

MASWALI

Mwalimu, sikuchora chochote safarini, nina picha tu.
Itazame dakika mbili, ifunike, chora ulichobaki nacho. Kisha endelea na hatua ya 3.

Rangi zangu za maji zikikauka zinafifia. Nakosea wapi?
Hukosei, ndivyo zilivyo. Paka rangi iliyokolea kidogo zaidi ya unavyotaka. Akriliki ni kinyume, huelekea kukolea zikikauka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ileile.

Nimehamisha mti kutoka kushoto kwenda kulia. Si uongo huo?
Hapana. Corot, mchoraji Mfaransa, alipochora kumbukumbu yake ya Mortefontaine, mahali penye maji huko Ufaransa, mwaka 1864 hakuwa anapima mahali. Alikuwa anatafuta utulivu wa yale maji. Ila kama umeahidi kumchorea mtu nyumba yake, mti wake uache ulipo.

Kijani changu ni kikali mno, kinameza kila kitu.
Ukitumia kijani cha kwenye tyubu peke yake, hutokea hivyo. Tia sienna au nyekundu kidogo sana, ncha ya brashi tu, uchanganye hadi kitulie. Kijani kikali kibakize sehemu moja, pale unapotaka jicho lifike kwanza.